Usafi wa kilebu haufunzwi kwa kiboko

Kwa miaka mingi wanafunzi wa shule za msingi nchini Kenya walikariri majina ya wana wa wanyama wakijiandaa kwa mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa mara ya mwisho 2023. Mtoto wa ng'ombe ni ndama, wa paka ni kinyaunyau na wa mbwa ni kilebu. Jina tunalijua. Namna ya kumlea mwenye jina ndiyo imetushinda wengi wetu.

Ushahidi uko mitaani. Familia humleta kilebu nyumbani kwa shangwe, watoto wakigombania kumbeba. Wiki ya pili shangwe hugeuka kelele: zulia limeloa, sebule inanuka na kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole. Kiboko hutafutwa. Wiki ya sita kilebu huyo amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba mchana na usiku, au ametiwa kwenye gunia na kutupwa karibu na soko akajitafutie.

Nasema wazi kwamba katika visa vingi vya aina hii, mwenye makosa ni mwenye mbwa. Kilebu anayekojoa sebuleni hana kiburi wala hana laana. Ni mtoto ambaye hajaonyeshwa choo kilipo, wala hajapelekwa huko kwa wakati. Na tukiendelea kuliona jambo hili kama dogo, wataoumia ni watoto wa jirani.

Kwanza tuelewe maumbile ya mnyama mwenyewe. Kilebu akiwa mchanga, mama yake humlamba na kuondoa uchafu wote. Akifikisha wiki tatu hivi huanza kujikokota kutoka pale anapolala ili ajisaidie kando. Hakuna aliyemfunza. Mbwa kwa asili hapendi kuchafua malazi yake, na mafunzo yote ya usafi nyumbani hujengwa juu ya msingi huo.

Msingi huo unaweza kuharibiwa. Kilebu aliyefungiwa na wenzake katika kizimba kidogo kisichosafishwa, akalala na kula juu ya uchafu wake, huzoea hali hiyo. Ndiyo maana wale wanaonunua vilebu kando ya barabara, mikononi mwa wachuuzi wanaowapunga mbele ya magari, wanajitafutia kazi ngumu. Aghalabu wanyama hao wameondolewa kwa mama yao kabla ya wiki nane, umri ambao wataalamu wanashauri mtoto wa mbwa aanze kutoka. Mnunuzi anayejali huenda alikozaliwa kilebu, akamwona mama, na akaangalia sakafu.

Pili, tuzungumzie kiboko. Wapo watakaonikumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, hapondwi kwa rungu. Mbwa huunganisha tendo na matokeo yake iwapo mambo hayo mawili yamefuatana kwa sekunde chache tu. Mtu anayerudi kutoka kazini saa moja jioni, akakuta dimbwi la saa tisa alasiri na kuanza kumcharaza mnyama, hamfunzi lolote kuhusu mkojo. Anamfunza kwamba mwenye nyumba akiingia, kuna hatari.

Vivyo hivyo na ile desturi ya kumsugua kilebu pua kwenye uchafu wake. Huyo mnyama hana namna ya kujua kwamba adhabu ni ya mahali alipojisaidia. Anachoelewa ni kwamba kujisaidia mbele ya binadamu ni kosa. Matokeo yake huanza kujificha nyuma ya kochi au chini ya kitanda, na ukimtoa nje anakukodolea macho bila kufanya chochote hadi mrudi ndani. Kisha mwenyewe husema, "Mbwa huyu ni mkaidi."

Isitoshe, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inaharamisha kumpiga mnyama kikatili. Nchi hii iliondoa viboko madarasani mnamo 2001 baada ya kukubali kwamba hofu si mwalimu mzuri. Sioni kwa nini somo hilo liishie kwenye lango la shule.

Sasa, njia ifaayo ni ipi? Ni ratiba. Kilebu hutolewa nje anapoamka asubuhi, kila anapomaliza kula, kila anapoamka usingizini mchana, anapomaliza kucheza na kabla ya kulala. Kanuni wanayoitumia wakufunzi wengi wa mbwa ni kwamba kilebu anaweza kujizuia kwa takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi miwili, basi, asiachwe zaidi ya saa mbili mchana. Usiku huvumilia zaidi, lakini wiki za mwanzo mtu atalazimika kuamka angalau mara moja.

Mpeleke mahali pale pale kila mara. Simama, nyamaza, mpe dakika chache. Akimaliza, msifu papo hapo na umpe kipande kidogo cha chakula pale pale nje, usingoje mpaka mrudi jikoni. Akianza kunusanusa sakafu na kuzungukazunguka ndani ya nyumba, hiyo ndiyo ishara. Mbebe utoke naye. Ukimfumania katikati ya tendo, piga kofi moja la mikono ili aache, kisha mbebe umalizie nje. Ukikuta limeshatendeka, chukua tambara upige deki bila neno.

Chakula nacho kiwe na saa zake. Kilebu wa miezi miwili au mitatu hula mara tatu au nne kwa siku, na mwenye kulishwa kwa saa maalumu hujisaidia kwa saa zinazotabirika. Anayeachiwa sahani ya ugali na mabaki tangu asubuhi hadi usiku, tumbo lake halina saa. Wala asinyimwe maji mchana kwa kisingizio cha kupunguza mkojo. Hiyo ni kumtesa.

Hata namna ya kusafisha ina elimu yake. Mkojo una harufu inayomwambia mbwa kwamba hapa ndipo chooni. Sabuni zenye amonia huongeza harufu ya aina hiyo hiyo, hivyo huwa kama kumwekea kibao cha kumwelekeza. Siki iliyochanganywa na maji hufaa zaidi baada ya kufuta kwa sabuni ya kawaida. Ila siki hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya kung'arisha nguo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana. Nani hasa hufanya kazi hii? Katika nyumba nyingi za mijini, mwenye mbwa huondoka saa kumi na mbili asubuhi akihofia msongamano wa magari na kurudi usiku. Kilebu huachiwa mfanyakazi wa nyumbani, ambaye tayari ana mtoto wa kulisha, nguo za kufua na chakula cha kupika. Wakati wa kuajiriwa hakuambiwa kuhusu mbwa. Pengine hata anamwogopa. Jioni sakafu ikipatikana chafu, yeye na kilebu hukaripiwa pamoja.

Huo ni uonevu. Mtu akitaka mbwa, achukue likizo ya wiki mbili amlee mwenyewe, au asubiri hadi wakati atakapoweza. Ikiwa lazima amwachie mtu mwingine, basi makubaliano yawe wazi, kazi hiyo ilipiwe, na mhusika aonyeshwe jinsi ya kuifanya. Bawabu wa lango naye asigeuzwe mkufunzi wa mbwa wa watu wanane kwa mshahara ule ule.

Wakazi wa nyumba za ghorofa wana mtihani mkubwa zaidi. Kilebu hawezi kungoja mshuke ngazi kutoka ghorofa ya nne, abebwe. Walio na roshani wanaweza kuweka karai la mchanga au udongo lenye nyasi, na kulisafisha kila siku. Magazeti ya jana, ambayo tunashukuru kwamba bado yana kazi baada ya kusomwa, yanaweza kutandazwa katika kona moja kwa wiki za mwanzo. Lakini mwenyewe ajue kwamba kilebu aliyezoea karatasi atalazimika kufunzwa upya akitakiwa kwenda nje.

Ngazi na veranda ni mali ya wote. Uchafu ukianguka huko, mwenye mbwa auondoe mara moja. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, hivyo atembee na karatasi au koleo dogo. Asisahau pia kwamba kwa jirani Mwislamu aliyekwisha kutawadha na anaelekea msikitini, mkojo wa mbwa kwenye ngazi unazidi kuwa harufu mbaya; ni najisi inayomharibia maandalizi ya ibada. Mwenye nyumba anayekataa wanyama katika ploti yake huitwa mkatili, ilhali aghalabu alifunzwa na wapangaji wa awali waliokataa kuokota.

Najua kuna watakaosema mjadala huu ni wa matajiri. Watauliza, mbwa si mnyama wa nje, wa kulinda boma? Sina ubishi na wao. Mbwa wengi nchini hulala nje, na hakuna ubaya. Hata hivyo, ua unaochezewa na watoto nao ni nyumba. Kinyesi cha vilebu mara nyingi huwa na mayai ya minyoo, na mayai ya minyoo mviringo ya mbwa huhitaji takriban wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Anayeokota kinyesi kila siku huikata njia hiyo mapema, na kilebu aliyefunzwa kona moja hurahisisha kazi. Dawa ya minyoo kutoka kwa daktari wa mifugo humalizia.

Daktari huyo huyo ashauriwe pale ratiba inapofuatwa na bado mambo yanakwenda mrama. Kilebu anayekojoa kidogo kidogo kila mara, anayejikamua kwa uchungu au anayetoa damu ni mgonjwa. Anayetapika na kuhara damu anaweza kuwa na ugonjwa wa pavo, unaoua vilebu wengi ambao hawajachanjwa. Mpaka amalize chanjo zake, asipelekwe kujisaidia mahali wanapopita mbwa wasiojulikana.

Hapa ndipo tunafika kwenye hatari niliyoitaja mwanzoni. Kilebu aliyetupwa sokoni kwa kosa la kuloesha zulia hafi kila mara. Baadhi hukua, huzaana, na kuunda yale makundi ya mbwa yanayowafukuza watoto alfajiri wakienda shule. Hawa hawana mtu wa kuwapeleka kuchanjwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Dalili zikishatokea, ugonjwa huu karibu kila mara ni kifo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kukimbia hospitali kupata chanjo.

Mnamo 2014 Kenya ilizindua mpango wa kuangamiza vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika. Lakini kila anayemtupa mbwa barabarani anaongeza idadi ya wasiochanjwa na kuirudisha nyuma hesabu hiyo. Serikali za kaunti zinaweza kuleta sindano. Haziwezi kumshika mbwa ambaye hana mwenyewe.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kaunti ziwasake wachuuzi wa vilebu vya barabarani, na wanunuzi waache kuwapa soko. Kampeni za chanjo, hasa zile za Septemba 28 ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, zitumike pia kuwafunza wananchi malezi ya vilebu, kwa kuwa mbwa anayekubalika nyumbani ndiye anayefikishwa penye chanjo. Na wenye ploti, badala ya kupiga marufuku mbwa wote, waandike kanuni: mbwa awe na cheti cha chanjo, na mwenyewe aokote.

Lililobaki ni letu sisi wenye nyumba. Kabla ya kulipia kilebu, mtu aketi na jamaa yake waulizane: nani ataamka saa tisa usiku? Nani atakuwepo saa nne asubuhi? Nani atashika tambara bila kushika kiboko? Majibu yasipopatikana, pesa zibaki mfukoni na kilebu abaki kwa mama yake. Yakipatikana, kazi ni ya wiki kadhaa, pengine miezi michache, na malipo yake ni mlinzi na rafiki wa zaidi ya miaka 10.