Karafuu ikilipa, mita hukimbia

KWA nini mahitaji ya nishati yanapanda kisiwani Pemba? Jibu la haraka ni kuongezeka kwa watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,848. Ya 2022 ilihesabu 543,441, ongezeko la theluthi moja. Lakini watu peke yao hawaongezi hata uniti moja ya umeme kama nyumba zao hazijafikiwa na waya.

Hapo ndipo inapoingia sababu ya pili. Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha hadi mwaka 2010, ulipozinduliwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye urefu wa kilomita 78 hivi na uwezo wa megawati 20.

Sababu ya tatu ni kipato. Wawi, jirani na mji wa Chake Chake, fedha nyingi huja kwa msimu wa karafuu. Msimu ukiwa mzuri hununuliwa runinga, pasi na friji. Karafuu huisha, friji hubaki ikila uniti.

Hesabu yake ni rahisi. Taa ya wati 10 ikiwaka saa tano kila usiku hutumia uniti moja na nusu kwa mwezi. Friji ya wati 150, mota yake ikizunguka saa 12 kwa siku, hutumia uniti 54. Hiyo ni sawa na taa 36.

Sababu ya nne imo jikoni. Kuni na makumbi ya nazi havipiti kwenye mita, wala jua linalokausha karafuu kwenye majamvi. Familia ikihamia kwenye gesi, takwimu za taifa huonyesha mahitaji mapya, kumbe wali ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba nishati iliyotafutwa kwa jasho, mara nyingi la akina mama, sasa inalipiwa fedha taslimu, mwezi hadi mwezi.

Kwa hiyo, mkulima anayetaka friji baada ya mavuno asiangalie bei ya dukani tu. Apige hesabu ya uniti za TUKUZA kwa miezi isiyo na karafuu. Friji ya kuuzia barafu na juisi inaweza kujilipia umeme wake. Ya kupozea maji ya nyumbani italipiwa na mfuko wa mwenyewe.