Maswali ya Vijana: Kifaa cha Hila katika Mchezo wa Video

Kijana mmoja atuuliza: mwenye kutia kifaa cha kumwongezea roho katika mchezo wa video, je, ni mdukuzi?

Jawabu: Jambo lijulikane kwanza, kisha lipewe jina. Game Genie cha kampuni ya Galoob kilipachikwa baina ya kaseti na mashine ya Nintendo. Mashine ilipotaka kusoma tarakimu fulani, kifaa kiliipa nyingine mahali pake. Kaseti haikubadilishwa hata herufi moja. Umeme ukizimwa, hila nayo imekwisha. Nintendo ilipinga, na mwaka 1992 mahakama ya rufani ya Marekani ikahukumu kuwa Galoob haikuvunja hakimiliki. Mwaka 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu iliyo karibu na hiyo baina ya Sony na Datel. (Hukumu hizo, lakini, zahusu hakimiliki tu, udukuzi haukuwa shauri lake.)

Udukuzi ni kuingia katika mashine ya mtu pasipo idhini yake. Achezaye peke yake, kwa mashine aliyoinunua, amemwingilia nani? Hatuoni.

Mchezo wa mtandaoni ni mlango mwingine. Huko yuko mwenzio upande wa pili, adhaniye kuwa mwashindana kwa mikono mitupu, nawe una programu ya kukulengea shabaha. Madhali hukuivunja kompyuta ya kampuni, hatukuiti mdukuzi. Twakuita mlaghai, na masharti uliyoyakubali siku ya kujiandikisha umeyavunja. Wakikufungia akaunti, usije kwetu kulalamika.