Kasi ya fomu haipimwi kwenye seva

Leo tugusie ubishi ambao waprogramu hawauchoki: ni fremuweki gani ya wavuti inayobaindi data haraka zaidi?

Kwa wasio waprogramu, jambo lenyewe ni hili. Unachojaza kwenye fomu ya kawaida ya tovuti husafiri kama maandishi tu, hata kama ni umri au tarehe. Kule kwenye seva, fremuweki (Spring, Rails, Django, chagua yako) hutafuta kila neno linakwenda kwenye kisanduku gani cha programu, hulibadilisha liwe namba au tarehe, kisha hulipachika. Kazi hiyo ina gharama, na watu hukesha wakiipima.

Msimamo wangu: kwa sisi wa Garissa, Wajir na Mandera, wanapima kitu kisicho na maana.

Fanya hesabu. Nuru ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 ukinyoosha mstari. Kwa hiyo kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 68, na nyaya za baharini hazinyooki. Kubaindi fomu yenye visanduku 20 huchukua sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Ukiongeza kasi hiyo maradufu, mtumiaji aliyeko Masalani mwenye mtandao wa kusuasua hataona tofauti yoyote. Lakini fomu ikirudishwa mara moja tu kwa sababu tarehe haikueleweka, analipa safari nyingine nzima, pamoja na bando lake.

Na afadhali irudishwe! Kibaya zaidi ni fremuweki inayokubali na kukosea kimyakimya. Chukua SimpleDateFormat ya Java, ambayo imetumika miaka mingi. Isipokatazwa, haina ukali. Ukiipa mpangilio wa Kimarekani, yaani mwezi kwanza, kisha mtu ajaze 25/03/2006, haitalalamika kwamba hakuna mwezi wa 25. Itahesabu miezi kusonga mbele na kuandika 3 Januari 2008. Binti aliyetimiza miaka 18 mnamo Machi 2024 anaonekana ana 16.

Kwingine hilo ni kero ndogo. Huku kwetu, kupata kitambulisho kulimaanisha kuhojiwa na kamati za ukaguzi ambazo Wakenya wengi hawakuwahi kuziona, hadi Rais alipotangaza mwisho wake Februari 2025. Karatasi mbili zenye tarehe mbili za kuzaliwa zinaweza kumharibia mtu mwaka mzima. Atakayeulizwa ni yeye, wala si programu.

Mifano haijaisha. Namba ya simu ikigeuzwa kuwa namba ya hesabu, sifuri ya mbele inapotea. Jina la Kisomali huwa ni lako, la baba na la babu, na halina jina la ukoo; fomu inayolazimisha kisanduku hicho inamfanya mtu abuni. Wala si sisi peke yetu: mwaka 2020 wanasayansi walilazimika kubadilisha majina ya jeni kadhaa kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe.

Je, kasi haina kazi kabisa? Inayo, pale unapoingiza faili la mistari laki moja kwa mpigo. Hapo usiunde kigeuzi kipya kwa kila mstari. Tengeneza kimoja na ukitumie tena. Katika Java tumia DateTimeFormatter, iliyokuja na Java 8 mwaka 2014. Nyuzi nyingi za programu zinaweza kuitumia kwa pamoja, jambo ambalo SimpleDateFormat haliwezi. Iwekee hali ya STRICT ili hata 31/02 ikataliwe, na mwaka uuandike uuuu badala ya yyyy, la sivyo itakusumbua.

Halafu kagua tarehe kwenye simu ya mtumiaji kabla fomu haijaondoka, na seva iikague tena. Eleza kosa kwa Kiswahili au Kisomali. Namba za simu na za vitambulisho ziache zibaki maandishi, hakuna anayezijumlisha.

Kwa hiyo, wadau, mtu akikuonyesha grafu ya kasi ya fremuweki yake, muulize swali moja: ukiipa mwezi wa 25, inafanya nini?