HAKUWA MLEVI, ALIVUTA MOSHI WA MASHINE

Ndugu Wafanya Kazi,

Twaandika habari hii kwa sababu ndugu yetu mmoja ametukanwa bure, na sisi wenyewe tulikuwa pamoja na waliomtukana.

Sisi ni waoshaji wa mabehewa. Hapo kwanza tuliosha kwa ndoo na brashi. Kisha tukaletewa mashine ya presha ya kutumia petroli, tukafurahi, maana kazi ya siku nzima ikawa kazi ya asubuhi. Siku moja mvua ikanyesha. Msimamizi akaamuru mashine iingizwe ndani ya shedi, isilowe wala isiibwe. Tukaiingiza. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Haikupita saa moja, ndugu yetu akasema kichwa kinamgonga. Akayumba, akatapika, akaanguka juu ya mpira wa maji. Msimamizi akasema, "Huyu amekunywa chang'aa." Nasi tukacheka. Alikatwa mshahara wa siku tatu. Jioni ile wengi wetu tuliumwa na kichwa, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa tumekwisha kuuliza, na jibu ni hili.

Injini ya petroli hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Damu huishika hewa hii zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Basi mtu anavuta pumzi kama kawaida, huku mwili wake unakosa uhai. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea, akili huchanganyika. Ukimtazama utadhani amelewa. Akiachwa hapo, hufa.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 1996 NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilishiriki kutoa onyo juu ya injini ndogo za petroli. Katika onyo hilo imo habari ya mwenye shamba aliyeosha banda lake kwa mashine ya presha yenye nguvu za farasi 11. Alifanya kazi kama dakika 30, sumu ikamlemea, akafa. Imo pia habari ya wafanya kazi 5 waliotibiwa baada ya kutumia mashine mbili za namna hii katika gereji ya chini ya ardhi. Onyo lilisema wazi kwamba kufungua milango na madirisha hakutoshi. Je, hao nao walikunywa chang'aa?

Wakubwa husema kila siku, "Ajali ni uzembe wa mfanya kazi." Sisi twauliza: ni nani aliyeamuru mashine iingie ndani? Mashine ilikuja na kitabu chake, kikafungiwa kabatini. Hakuna aliyetusomea hata ukurasa mmoja. Tuko watu sita, gambuti ni jozi mbili, miwani ya kazi hakuna. Twaambiwa pesa hazipo. Mpira mrefu zaidi, ili injini ibaki nje na maji yaingie ndani, ni bei gani? Na mtu je?

Hatuombi zawadi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awafundishe watu wake kazi kwa usalama. Yamtaka awape wanaofanya kazi ya majimaji mavazi ya kujikinga, na glavu, viatu na miwani inapohitajika. Tena yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa aipeleke kwa msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi hapo mpaka hatari iondolewe. Wenye watu 20 au zaidi ni lazima wawe na kamati ya usalama. Yetu iko wapi?

Lakini tusiseme ya wakubwa tu. Sisi nasi tuna makosa. Tulikuwa tukifunga kifyatulio kwa waya ili kidole kisichoke. Tulikuwa tukijiosha matope miguuni kwa maji yale yale. Gurudumu la motokaa hujazwa presha kama ya 30. Mashine hizi hufika 3,000 na kupita. Ni mara mia! Maji hayo hupenya nyama. Utaona kitundu kama cha sindano, utakidharau, na kumbe ndani nyama inaharibika. Watu wamepoteza vidole hivi. Likikupata, nenda hospitali saa ile ile, ukamwambie daktari kwamba ni maji ya presha.

Basi tangu leo tumekubaliana hivi:

1. Injini haiwashwi ndani ya shedi, mvua inyeshe isinyeshe. Inakaa nje, mbali na mlango na madirisha.

2. Kifyatulio hakifungwi. Bunduki ya maji haielekezwi kwa mtu, wala kwenye nyaya za umeme.

3. Petroli haitiwi injini ikiwa moto. Tena haitiwi karibu na shimo la ukaguzi, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka shimoni ukingojea cheche.

4. Injini ikizimwa, presha bado imo. Bonyeza kifyatulio maji yatoke kabla ya kufungua mpira.

5. Asiye na gambuti na miwani haishiki mashine.

6. Mwenzako akiyumba, zimeni injini, mtoeni nje penye hewa safi, apelekwe hospitali. Maswali ya pombe yangoje.

Kwa wakubwa twasema mambo mawili. Kitabu kitoke kabatini, tufundishwe kwa lugha tunayoijua. Na ndugu yetu arudishiwe mshahara wake wa siku tatu, na neno lile la ulevi lifutwe katika karatasi zake.

Kwa ndugu yetu twasema: tusamehe. Ulipoanguka, ilikuwa kazi yetu kukuinua, nasi tukacheka. Hatutacheka tena.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu,
Waoshaji wa Mabehewa