Wajibu wa Chuo Kikuu kwa Wanaoishi na Virusi vya UKIMWI

Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama katika Mkoa wa Singida, haina chuo kikuu. Ni mji mdogo wa ofisi za Serikali, maduka na soko, uliozungukwa na mashamba ya alizeti na mtama. Hata hivyo, kila yatokapo matokeo ya mtihani wa kidato cha sita, wapo vijana wa huko wanaofunga masanduku yao na kushika njia ya Singida, kisha Dodoma, Dar es Salaam au Mwanza, kwenda kutafuta elimu ya juu. Miongoni mwa vijana wa namna hiyo, katika wilaya yoyote ya nchi hii, wamo wachache ambao chini ya nguo zilizomo sandukuni wameficha kichupa cha vidonge. Makala haya yanahusu safari ya kichupa hicho, na wajibu wa chuo kinachokipokea.

Vijana hao ni jambo jipya katika historia ya nchi. UKIMWI ulitambuliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera. Kwa miaka ishirini iliyofuata, mtoto aliyezaliwa na virusi hakutazamiwa kumaliza darasa la saba, sembuse kuingia chuo kikuu. Tarehe 31 Desemba 1999, Rais Benjamin Mkapa alitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Mwaka 2001 ikatungwa sheria ya kuunda Tume ya Kudhibiti UKIMWI, na mwaka 2004 Serikali ikaanza kutoa bila malipo dawa za kufubaza virusi. Watoto waliookolewa na dawa hizo sasa ni watu wazima. Wamefaulu mitihani kama wenzao, nao wanabisha hodi katika vyuo vikuu. Chuo kilichozoea kuuona UKIMWI kuwa ni jambo la mabango na hotuba za tarehe 1 Desemba hakina budi kutambua kwamba baadhi ya wanafunzi wake wameishi na virusi tangu kuzaliwa. Mabango ya kuwaonya wajihadhari hayawasaidii hao.

Kazi ya kidonge

Ili kujua wanachohitaji, yafaa kwanza kuelewa dawa yenyewe inavyofanya kazi. Virusi vya UKIMWI huingia katika chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili, vikazigeuza kuwa karakana za kuzalisha virusi vingine. Dawa haviui virusi vyote. Huzuia kuzaliana kwao. Virusi vilivyojificha mwilini hubaki vimelala, vikingoja dawa ipungue katika damu. Mgonjwa akiruka siku nyingi bila kumeza, virusi huamka na kuzaliana, na katika kuzaliana huko huweza kutokea aina mpya isiyosikia dawa ile.

Kwa sababu hiyo, siri ya tiba hii ni mfululizo. Siku hizi mgonjwa wa kawaida humeza kidonge kimoja tu kwa siku, ambacho ndani yake mna dawa tatu. Akikimeza bila kukosa, virusi hupungua katika damu hata kipimo kisiweze kuvihesabu, naye huishi na kufanya kazi kama mtu mwingine yeyote. Zaidi ya hayo, hawezi tena kumwambukiza mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Hilo lilithibitishwa na uchunguzi uliofanywa katika nchi za Ulaya, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2016. Kati ya jozi 888 za wapenzi, ambamo mmoja alikuwa na virusi vilivyodhibitiwa na mwenzake hana, hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake.

Basi kuusaidia mwendo wa kidonge ni kuokoa uhai wa mwanafunzi, na papo hapo ni kuwakinga wenzake. Mambo hayo mawili hayatengani.

Mahali mfululizo unapokatika

Na afikiriwe sasa kijana aliyetoka Nduguti. Nyumbani alikuwa na mama au bibi wa kumkumbusha, na muuguzi wa kliniki aliyemjua tangu utotoni. Akifika chuoni analala bwenini na wenzake ambao hawajui habari zake. Kliniki yake iko mbali. Kutoka Dodoma hadi Singida mjini tu ni kiasi cha kilometa 240, na nauli ni fedha ya chakula. Siku ya kuchukua dawa huweza kuangukia siku ya mtihani. Akimeza kidonge mbele ya wenzake ataulizwa. Akingoja watoke, atachelewa au atasahau. Hivyo kijana ambaye hajawahi kukosa dawa kwa miaka kumi na mitano huanza kukosa katika muhula wa kwanza, wala si kwa uzembe.

Vyuo vingi, vikitaka kumsaidia mtu kama huyo, humwambia kwanza ajitokeze. Ajiandikishe katika ofisi fulani, ajiunge na kikundi fulani, ndipo afikiriwe. Nia ni njema, lakini utaratibu huo umeanzia mwisho. Unamtaka aliye na hofu ailipe hofu yake kuwa kiingilio cha msaada. Matokeo yake ni kwamba wanaosaidiwa ni majasiri wachache, na walio katika hatari zaidi hubaki gizani. Chuo kikuu chapaswa kuwasaidia wanaoishi na virusi pasipo kuwataka wajitangaze.

Yatakiwayo kufanywa

Jambo hilo haliwezi kusemwa kuwa ni ndoto. Kwanza, zahanati ya chuo iwe na huduma ya tiba na matunzo, au iwe na mapatano na hospitali ya jirani, ili mwanafunzi mwenye barua ya uhamisho kutoka kliniki ya kwao apokewe wiki ile ile aliyofika. Aliyeimarika kiafya huweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, na tarehe zake zikapangwa zisigongane na mitihani. Chumba cha huduma hiyo kisiwe na mlango wake peke yake wenye maandishi makubwa. Mgonjwa wa malaria, wa shinikizo la damu na wa virusi wakae katika benchi moja.

Pili, karatasi za chuo zifunzwe kunyamaza. Fomu ya afya ya mwanafunzi mpya isiulize habari za virusi. Barua ya daktari ya kuomba kuahirisha mtihani iseme tu kwamba mwanafunzi ni mgonjwa, bila kuutaja ugonjwa. Kila bweni liwe na kabati ndogo zenye kufuli kwa wanafunzi wote, ili mwenye kuficha kichupa asijulikane kwa kufuli lake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 imekwisha kuagiza siri ya matokeo ya kipimo na kukataza unyanyapaa na ubaguzi. Kazi iliyobaki ni kuitia sheria hiyo katika fomu, funguo na milango.

Tatu, wafanyakazi wasisahauliwe. Neno chuo kikuu likitajwa, watu huwaza mwanafunzi na mhadhiri. Mpishi, mlinzi, mfagizi na dereva hawakumbukwi. Huko Afrika Kusini, uchunguzi uliofanywa mwaka 2008 na 2009 katika vyuo vikuu 21 ulionyesha kwamba virusi vilikuwamo katika asilimia 3.4 ya wanafunzi na asilimia 1.5 ya wahadhiri, lakini katika wafanyakazi wa huduma asilimia ilifika 12.2. Si lazima hesabu za Tanzania zifanane na hizo, ila funzo lake ni wazi: mwenye sauti ndogo chuoni ndiye anayeweza kubeba mzigo mkubwa. Mlinzi wa zamu ya usiku aruhusiwe kwenda kliniki asubuhi bila kukatwa ujira, na bila kumweleza msimamizi wake sababu.

Wapo watakaouliza chuo kitapangaje fedha kwa watu kisiowajua. Jibu ni kwamba zahanati huweza kutoa hesabu pasipo majina, kama inavyohesabu wagonjwa wa malaria. Wengine watasema kazi hiyo ni ya wafadhili. Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje, ilionekana wazi jinsi huduma inayotegemea mfuko wa mtu mwingine inavyoweza kutikisika kwa siku moja. Mshahara wa mshauri nasaha mmoja na bei ya kufuli za kabati si mizigo ya kukishinda chuo kikuu.

Wengine tena huhofia kwamba usiri utawafanya watu wazidi kujificha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 unaelekeza upande mwingine. Kati ya watu wazima wanaoishi na virusi nchini, asilimia 82.7 walijua hali yao. Kati ya hao waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa; na kati ya watumiaji wa dawa, asilimia 94.3 walikuwa na virusi vilivyodhibitiwa. Pengo kubwa liko mlangoni, katika kupima. Ajuaye hali yake hutibiwa. Asiyejua ni yule ambaye hajapita mlango huo, na mara nyingi kinachomzuia ni hofu ya kuonekana. Mahali penye siri ya kuaminika hofu hiyo hupungua.

Taifa limetumia miaka ishirini na zaidi kumfikisha kijana huyo katika lango la chuo. Wauguzi wa vijijini wameshika kadi yake, na wazazi au walezi wake wameuza alizeti kumlipia nauli. Itakuwa aibu kazi hiyo yote ikiharibikia bwenini, kwa kukosa kabati lenye kufuli na benchi lisilobagua.