Bawaba ya kompyuta ikivunjika, nani abebe gharama?

KAZI ya chama cha msingi cha ushirika siku hizi haiishii kwenye mizani na daftari. Ruzuku ya mbolea ilianza kutolewa kwa mfumo wa kidijitali katika msimu wa 2022/2023, na katika msimu wa 2024/2025 korosho ziliuzwa kwa minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Majina ya wakulima, uzito wa mazao na malipo hupita kwenye kompyuta ya karani. Kwa maana hiyo kompyuta mpakato imekuwa zana ya kilimo, sawa na mashine ya kupulizia salfa, na fedha za kuinunua mara nyingi hutokana na makato ya kila kilo ya mkulima.

Hata hivyo, zana hiyo ina sehemu moja dhaifu ambayo wanunuzi wachache huifikiria siku ya kulipa. Sehemu hiyo ni bawaba, yaani kiungo kinachoshikilia kioo na kuruhusu kompyuta kufunguliwa na kufungwa. Bawaba ikivunjika ndani ya miezi 12 ya waranti, mteja huirudisha dukani akiamini kuwa yuko salama. Anachoelezwa mara nyingi ni kifupi: waranti haihusu kilichovunjika, inahusu kilichoharibika chenyewe.

Jibu hilo linatokana na maneno ya waranti. Kwa kawaida mtengenezaji hudhamini kasoro za malighafi na za utengenezaji, lakini hadhamini uharibifu unaotokana na ajali au matumizi mabaya. Kioo kilichopasuka kwa kuangushwa kiko wazi, na betri iliyokufa baada ya wiki mbili nayo iko wazi. Bawaba iko katikati, na hapo ndipo mnunuzi anapoumia.

Bawaba yenyewe ni ya chuma, lakini skrubu zake katika kompyuta nyingi za bei ya chini hufungwa kwenye nati ndogo za shaba zilizopachikwa ndani ya plastiki. Bawaba ikikaza kupita kiasi, nguvu ya mkono wa mtumiaji kila anapofungua huhamia kwenye plastiki hiyo. Baada ya miezi kadhaa plastiki hupasuka, nati hung'oka, na pembe ya kasha huanza kufunguka. Waya wa kioo unaopita karibu na hapo unaweza kukatika pia. Mtu aliyekuwa akifungua kompyuta yake kama kawaida anajikuta ameitwa mharibifu.

Ipo njia ya kutofautisha. Kompyuta iliyoanguka kwa kawaida huwa na alama nje, kama vile pembe iliyobonyea au kasha lililochubuka. Ile ambayo plastiki yake imeachia ndani, kuzunguka nati, bila alama yoyote nje, inaelekeza kwenye udhaifu wa utengenezaji. Tatizo ni kwamba anayeamua ni fundi wa muuzaji, ambaye kukubali kwake ni gharama kwa mwajiri wake. Ni kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani.

Sheria za Tanzania hazikumwacha mnunuzi mtupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya na kutegemea ujuzi wake. Katika hali hiyo bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo kwa kiwango cha kuridhisha. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 nayo ina masharti yanayohesabiwa kuwemo katika mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa. Waranti ya kiwandani, kwa hiyo, si haki pekee aliyonayo mteja.

Pengo lililopo ni la ushahidi. Anayedai kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na karani wa Newala au Masasi hana maabara wala fundi wa kumwandikia ripoti. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako kompyuta za chapa hizo hizo huuzwa, jambo hili limetazamwa upya. Kwa mujibu wa maelekezo ya umoja huo ya mwaka 2019, yaliyoanza kutumika Januari 2022, kasoro inayojitokeza ndani ya mwaka mmoja huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya mauzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Mzigo umewekwa kwa mwenye mafundi.

Hesabu inaonyesha kwa nini suala hili si dogo. Chukulia kompyuta ya shilingi milioni 1.6 inayotarajiwa kudumu miaka minne. Gharama yake ni takriban shilingi 33,000 kwa mwezi. Ikivunjika mwezi wa kumi, waranti ikakataliwa na chama kikalazimika kununua nyingine, kila mwezi uliotumika umegharimu shilingi 160,000. Hapo haijahesabiwa siku ambazo malipo ya wakulima yalisimama. Kwa mantiki hiyo, duka linalouza kwa shilingi 150,000 zaidi lakini likaandika kwamba bawaba imo kwenye waranti linaweza kuwa ndilo la bei nafuu.

Viongozi wa vyama na wenye maduka ya pembejeo wana mambo ya kufanya kabla ya kulipa. La kwanza ni kumweleza muuzaji kwa maandishi matumizi yaliyokusudiwa: kompyuta itafunguliwa mara kadhaa kwa siku, ghalani, kwenye vumbi. La pili ni kuuliza kama bawaba imo, na jibu liandikwe kwenye ankara. La tatu ni kuhakikisha waranti inatambulika nchini, kwa kuwa kompyuta iliyotengenezewa soko jingine inaweza kukosa huduma hapa. La nne ni kutoa nakala ya risiti ya EFD siku hiyo hiyo, kwa sababu maandishi yake hufifia, na risiti isiyosomeka haisaidii.

Baada ya kununua, bawaba ikianza kukaza au pembe kuachana, taarifa ipelekwe dukani mapema pamoja na picha, bila kusubiri ivunjike. Aidha, fundi wa mtaani asiguse kompyuta hiyo kwanza. Gundi yake ya shilingi elfu chache inaweza kuwa sababu halali ya muuzaji kukataa madai yote.

Pamoja na tahadhari hizo, mnunuzi mmoja mmoja hawezi kuziba pengo la sheria. Wakati umefika kwa Tume ya Ushindani (FCC) na wizara inayohusika na biashara kuangalia uwezekano wa kuhamishia kwa muuzaji wajibu wa kuthibitisha, walau katika miezi sita ya kwanza ya matumizi. Wafanyabiashara waaminifu hawana sababu ya kuogopa, kwa kuwa wao watapata hoja ya kuwabana wanaowaletea bidhaa hafifu. Wanaouza maneno matupu watalazimika kuchagua mzigo bora au kuuza bila kutaja waranti.

Mkulima amekuwa akihimizwa kuingia kwenye mifumo ya kidijitali na ameitikia. Si haki zana ya kuingilia huko ikiachia plastiki yake kabla ya mwaka, naye akalipa mara mbili kwa kushindwa kuthibitisha jambo ambalo aliyemuuzia angeweza kulichunguza kwa bisibisi.