UKURASA WA AKINA MAMA: Chumba cha Watoto

Akina mama wapenzi, na ninyi akina baba msiruke ukurasa huu, maana leo na ninyi lenu limo.

Noeli inapokaribia, vijiji vingi huwa na kazi ya kukandika nyumba na kupaka chokaa. Desturi njema kabisa. Lakini sebule hutengenezwa kwanza kwa ajili ya wageni, na chumba wanamolala watoto hungoja mpaka mwisho, kisha hupakwa chochote kilichosalia. Mara nyingi kilichosalia ni nusu mkebe wa rangi ya mafuta, nyekundu au manjano, ambayo baba amepewa na fundi huko mjini. Inang'aa, haishiki nguoni, na watoto huishangilia. Basi hupakwa ukutani, na kitanda nacho hakisazwi.

Hapo ndipo penye shida. Rangi nyingi za mafuta, hasa za zamani, na zaidi zile nyekundu na manjano zenye kuwaka, zimetiwa risasi. Hata leo katika nchi nyingi bado zinauzwa za namna hiyo. Rangi ikichakaa hubanduka vipande vidogo na kuwa vumbi. Mtoto hushika ukuta, hutia kidole kinywani, huguguna mbao za kitanda. Risasi ikiingia mwilini huharibu ubongo na kupunguza damu, na mwanzoni haionyeshi dalili yo yote. Mzazi huona tu kwamba mtoto ni mzito wa kushika masomo, akamwita mvivu, pengine akamchapa. Tena mama mja mzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Waganga wanasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Neno hili si jipya. Mwaka 1904 Daktari J. Lockhart Gibson wa Brisbane, katika Australia, alieleza kwamba watoto wa Queensland waliokuwa wakiugua risasi waliipata katika rangi ya baraza na kuta za nyumba zao wenyewe. Wengi hawakumsadiki. Serikali ya huko ilitunga sheria juu ya jambo hilo mwaka 1922, yaani miaka 18 baadaye. Marekani ilikataza rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Hebu hesabuni ni watoto wangapi walikua katikati ya miaka hiyo!

Kwa hiyo mkebe usio na maandishi ya kusema kwamba rangi haina risasi, msiuingize chumbani mwa watoto, hata ukiwa wa bure. Na kama ukuta umekwisha kupakwa zamani na sasa unabanduka, msiukwangue ukiwa mkavu. Watoto watoke kwanza, ukuta uloweshwe, ukwanguliwe ukiwa mbichi, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa cha maji. Ufagio utarusha vumbi tu. Mbao zenye rangi hiyo zisitiwe jikoni kuwa kuni.

Tupake nini, basi? Chokaa. Bei yake ni ndogo, huacha ukuta wa udongo upumue, na chumba huwa cheupe hata dirisha likiwa dogo. Siribeni ukuta kwanza, mwuache ukauke. Chokaa ya unga ikorogeni katika maji, ilale usiku kucha, asubuhi ichujeni kwa kitambaa kikuukuu na kutia chumvi kidogo ili ishike. Nyunyizieni ukuta maji, kisha pakeni nyepesi nyepesi, mara mbili au tatu. Mara ya kwanza itaonekana kama maji matupu. Msikate tamaa, ikikauka itang'aa. Ikiwa ni chokaa ya mawe, isiyozimwa, chokaa ndiyo hutiwa katika maji, polepole, wala si maji juu ya chokaa, maana huchemka na kurukia macho. Akiingiwa mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi sana, apelekwe zahanati.

Wako wanaopamba kwa kubandika magazeti ukutani. Picha moja nzuri yatosha. Ukuta mzima wa karatasi ni nyumba ya kunguni na mende, hata kama ni gazeti hili letu.

Upande wa chini, kadiri ya kimo cha mtoto, napenda pasipakwe chokaa. Pasiribeni kwa udongo mwekundu, watoto wachore kwa mkaa ng'ombe na magari yao. Kila baada ya miezi kadhaa mtapasiriba tena, nao wataanza upya. Chokaa huchafua nguo za wanaoiegemea, kwa hiyo udongo huo utawapunguzia na kufua.

Na misumari ya kutungikia chandarua ipigeni kabla ya kupaka, maana ukuta uliokwisha kukauka ukigongwa, chokaa hubanduka.